Mnunuzi Pekee wa Agnes

Mullan, Idaho

Jumatatu, 4 Novemba 1985

Leo ni wiki saba tangu tumzike Arvo, na theluji ya kwanza imeanguka. Nimeamka nikachemsha kahawa ya watu wawili. Ya pili nimeimwaga.

Nimefungua droo ya meza yake. Mna miwani, risasi za bunduki, na vyeti vya hisa za Agnes, hisa elfu sitini. Agnes ni mgodi mdogo wa madini ya fedha hapo juu ya bonde, ambao haujatoa hata tani moja tangu 1968. Mwaka 1957 kampuni ilishindwa kulipa mishahara kwa miezi minne, ikawalipa wachimbaji kwa karatasi hizi. Siku Arvo alipozileta nililia, kwa sababu Reino wetu hakuwa na viatu vya baridi. Arvo akasema hisa zote za Agnes ni milioni moja na laki nane tu, kwa hiyo sehemu moja ya thelathini ya mlima ule ni yetu. Maneno hayo aliyarudia miaka ishirini na minane, na hakuna mgeni aliyeondoka hapa bila kuyasikia.

Gazeti la Spokane lina safu ya hisa za migodi. Penye Agnes pana kistari, maana yake siku ya soko iliyopita hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Nimepekua magazeti niliyoweka ya kuwashia jiko. Kistari, kistari, kistari, tangu Arvo alipolazwa hospitalini.

Jumanne, 5 Novemba

Nimempigia dalali wa Arvo kule Spokane, kijana anaitwa Delbert Foss. Alidhani nataka kuuza.

"Bi. Kangas, sikudanganyi, Agnes amelala. Hizi hazina soko rasmi la kupigia kengele. Mimi nampigia dalali mwenzangu, yeye anampigia mwingine, basi. Ukitaka kuuza tutangoja mtu."

"Na nikitaka kununua?"

Akacheka kwa adabu. Nimemwagiza hisa elfu mbili kwa senti kumi na moja. Dola mia mbili na ishirini, kutoka kwenye bima ya Arvo. Sijui kilichonipata. Saa sita mchana amenipigia kusema zimepatikana.

Jumatano, 6 Novemba

Gazetini: Agnes, 11. Hakuna kistari.

Jumapili, 10 Novemba

Clyde Trembath amekuja baada ya kanisa, kama alivyokuja kila Jumapili tangu mazishi. Amepakua kuni kwenye pikapu yake, akapanda juu ya paa kufagia theluji, na miaka yake sitini na sita. Yeye na Arvo walichimba pamoja. Mwaka 1961 mwamba ulipoanguka, Clyde alimfukua Arvo kwa mikono na kuacha vidole viwili humo chini. Sasa ndiye mwenyekiti wa Agnes. Hakuna mshahara, kazi yake ni kuhakikisha pampu zinavuta maji ili mgodi usifurike, na kungoja bei ya fedha ipande.

Amekula mkate wa nyama na viazi, kisha kahawa na mkate wangu wa iliki. Ananiita shemeji. Akasema, "Shemeji, fedha ikifika dola kumi kwa wakia, tunafungua. Wenye mitambo ya kuchimba watatufuata wenyewe." Leo iko dola sita. Sikumwambia kwamba nimenunua. Niliona haya, kama nimefanya jambo la kitoto.

Jumanne, 19 Novemba

Hisa elfu tano, senti kumi na moja. Foss sasa ananiita mama. Amenieleza kuhusu mbwa wake.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Reino alisema atakuja kutoka Tacoma, lakini njia ya mlimani imefungwa. Nimepika paja la bata mzinga. Madalali wamefunga leo na kesho, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Jumatatu, 9 Desemba

Elfu nane. Theluji imefika dirishani.

Nimeanza kumfikiria huyu anayeniuzia. Kila nikiagiza, anakuwepo. Kabla sijaanza hakuwepo mtu, sasa nikiomba elfu nane anazo elfu nane. Nadhani ni mjane kama mimi, labda kule Butte, naye ana droo iliyojaa vyeti. Mimi najikusanyia, yeye anajiondolea. Natamani kujua kama ana kuni za kutosha.

Jumatano, 25 Desemba

Reino amepiga simu. Nilipomwambia kuhusu Agnes akasema, "Mama, hiyo ni bima ya baba." Nikamwambia najua ni ya nani. Tukazungumza habari za wajukuu.

Clyde ameleta chupa ya jamu ya matunda ya mlimani na glavu za sufu. Glavu ni kubwa, kipimo cha mwanamume. Nimezivaa hivyo hivyo mpaka alipoondoka.

Jumatatu, 6 Januari 1986

Nimejumlisha. Tangu Novemba nimenunua hisa elfu hamsini.

Jumapili, 12 Januari

Leo nimemwambia Clyde. Tulikuwa tumemaliza kula, upepo unapiga madirisha, nikaona kama nisipomwambia yeye sina mwingine wa kumwambia. Nikamwonyesha vipande vya gazeti nilivyokata, 11, 11, 11. Nikasema, "Ni mimi, shemeji. Anayenunua Agnes ni mimi."

Alivishika vile vipande muda mrefu, kwa mkono wake wa vidole vitatu. Macho yalimlegea. Akasema, "Arvo angefurahi." Kisha akauliza kama nina mpango wa kuendelea. Nikamwambia nitaendelea mpaka fedha ifike dola kumi, au mpaka bima iishe, lolote litakalotangulia. Hatukucheka sote wawili, ingawa nilikusudia mzaha.

Tangu Arvo afe sijawa na Jumapili nzuri kama hii.

Jumatatu, 13 Januari

Foss amenipigia yeye kabla sijampigia mimi. Yule muuzaji ametoa elfu thelathini kwa mara moja, kwa senti kumi. Nimezichukua zote. Nikamwambia Foss pengine mjane wa Butte ana shida kubwa wiki hii. Akauliza mjane gani.

Jumamosi, 1 Februari

Mabomba yameganda. Nimeyayeyusha kwa maji ya moto na matambara. Imenichukua asubuhi yote.

Jumanne, 4 Februari

Elfu ishirini, senti kumi.

"Mama, naomba niseme ukweli," Foss aliniambia. "Wiki hizi zote sijaona mnunuzi mwingine. Ile bei unayoisoma gazetini ni wewe. Siku ukiacha, inaondoka na wewe."

"Lakini muuzaji yupo."

"Yupo, na hachoki. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu mwenye hisa za zamani huuza, zikaisha. Huyu haziishi."

Nikamuuliza ni nani. Akasema anapitia kwa dalali mwingine, na hata angejua asingeruhusiwa kunitajia. Nilimkasirikia. Sikumuuliza hali ya mbwa.

Jumapili, 16 Februari

Clyde hakuja. Mafua, alisema kwa simu. Nimekula nikiwa nimesimama.

Jumanne, 18 Februari

Elfu arobaini. Senti tisa. Nilisema nitaacha, kisha nikaona kistari siku nne mfululizo.

Jumatatu, 3 Machi

Elfu arobaini tena, senti tisa. Sasa nilizonunua zimefika laki moja na elfu themanini. Bima imebaki dola elfu sita na kidogo. Theluji juu ya paa imeanza kudondoka kwa matone.

Alhamisi, 6 Machi

Barua ya kampuni imefika: mkutano mkuu wa mwaka, Jumamosi tarehe 12 Aprili. Bodi inaomba kibali cha kuongeza hisa za kampuni zifike milioni ishirini. Chini, kwa herufi ndogo: *Hisa zilizopo mikononi mwa wenye hisa hadi leo: 3,000,000.*

Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua, na viatu vimeloa. Milioni tatu. Arvo alisema milioni moja na laki nane. Alisema hivyo miaka ishirini na minane, na Arvo alikuwa hakosei hesabu.

Jumapili, 9 Machi

Nimemuuliza Clyde. Akasema ni makaratasi ya wanasheria tu, shemeji, usijichoshe. Hakumaliza chakula. Aliondoka kabla ya kahawa, na hakutazama paa.

Jumanne, 11 Machi

Nimeendesha gari la Arvo mpaka Wallace, kwenye ofisi ya kampuni, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Anayetunza daftari la wenye hisa ni Ione Maddox, tuliyeimba naye kwaya zamani. Nikamwambia nataka kuliona daftari, ni haki yangu. Akasema, "Ni haki yako, Lempi," akalifungua, kisha akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo.

Tarehe 7 Oktoba mwaka jana, wiki tatu baada ya mazishi ya Arvo, bodi ilitoa hisa mpya milioni moja na laki mbili. Zote kwa jina moja, Clyde Trembath, kwa malipo ya usimamizi na gharama za pampu. Bodi ni watu watatu: Clyde, shemeji yake wa kweli, si mimi, na mwanasheria mmoja wa Spokane.

Chini ya hapo zinafuata alizouza. Nilikuwa nimebeba shajara hii mkobani. Nikaiweka kando ya daftari na kupitisha vidole viwili, kimoja kwenye daftari lile, kimoja kwenye hili langu. Novemba, elfu mbili. Elfu tano. Desemba. Elfu nane. Januari, elfu thelathini. Februari, ishirini, arobaini. Machi, arobaini. Hakuna iliyopungua wala kuzidi. Daftari lao linachelewa siku chache tu, za posta.

Hakuna mjane Butte.

Ione akasema bila kugeuka, "Ni kama maziwa, Lempi. Ametia maji. Ndoo imejaa zaidi, lakini ng'ombe ni yule yule." Nikamwambia nimeelewa. Sehemu moja ya thelathini ya Arvo sasa ni moja ya hamsini, na wakipata hizo milioni ishirini haitakuwa hata moja ya mia tatu. Mtu anaweza kuuiba mlima bila kubeba hata jiwe.

Lakini nililokuwa naliwaza wakati wa kurudi, na matope yakiruka kwenye kioo, lilikuwa ile elfu thelathini. Tarehe 12 Januari nilimwambia ni mimi. Tarehe 13 aliniuzia elfu thelathini.

Jumapili, 16 Machi

Sikupika. Amekuja, akaona meza tupu, akavua kofia, akaketi. Nadhani Ione alikuwa amemwambia.

Nikamwambia nimeona daftari. Akaeleza mambo mengi, na yote nadhani ni kweli: umeme wa pampu ni dola elfu mbili na mia nane kwa mwezi, benki imemkataa, muda wa kulipia kodi ya ardhi ya mgodi ulikuwa unaisha, ameuza bunduki zake na mashua. Hakuchukua senti ya kununulia hata viatu. Pampu zikizimwa, maji yanapanda, mbao zinaoza, na hakuna mwenye mitambo atakayeugusa mgodi huo tena. Hisa zile hazikuwa na thamani mpaka apatikane mtu wa kuzinunua, na Novemba akapatikana mtu. Alisema alimwombea mtu huyo kanisani bila kumjua.

Nikasema, "Mpaka Januari."

Akaiweka kofia mezani.

"Mpaka Januari ulikuwa hujui ni mimi, Clyde. Sina neno na hapo. Nakuuliza habari ya kesho yake, baada ya kukwambia."

Alitazama mikono yake. "Umeme ulikuwa unakatwa Ijumaa ile," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, akaongeza lile ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Na wewe ulikuwa na furaha, Lempi. Kila ukinunua nilikuwa nakuona una furaha. Nikajiambia hakuna anayeumia."

Ilikuwa mara ya kwanza asiniite shemeji.

Nilimwambia aende. Alipofika mlangoni akaniomba kitu kimoja, nimpigie kura mkutanoni. Milioni ishirini zikipita atauza nyingine, kwa watu wa mbali, si kwangu, na pampu zitapata mwaka mmoja tena. "Huenda fedha ikapanda," akasema. Nikafunga mlango.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwambia Foss afute maagizo yangu yote. Akauliza kama nina hakika. Baadaye akasema dalali wa upande wa pili alipoulizwa bei ya Agnes hakuwa na bei ya kutaja. Si tisa, si tano. Haipo.

Nimemwomba aniletee karatasi ya kunipa ruhusa ya kupiga kura kwa hisa zangu zilizo kwake.

Jumanne, 18 Machi

Kistari.

Jumatatu, 31 Machi

Jumapili mbili sasa bila Clyde. Kuni nimepasua mwenyewe. Jana nilisikia gari likipunguza mwendo nje, likaendelea.

Namchukia mpaka saa nne asubuhi hivi. Kuanzia hapo nahesabu yaliyompata: mke alimwacha 1970, binti yuko Boise hampigii, pampu anazikagua kila siku ya Mungu katika theluji ya kiunoni. Nilimdhani ananitembelea kwa ajili ya Arvo. Kisha nikamdhani ananitembelea kwa ajili ya bima. Leo nadhani alikuwa na njaa tu ya kuketi mahali. Hilo halimsafishi. Mimi pia nilikuwa na njaa hiyo, na sikuiba.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chama cha wachimbaji. Tulikuja watu kumi na tisa, wengi na fimbo. Clyde alivaa suti. Alisoma hesabu kwa sauti ya kawaida, kisha akaeleza kuhusu pampu, bila kubembeleza. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli hisa zimeongezwa wakati wa vuli bila wao kuambiwa. Clyde akasema ni kweli. Watu wakaguna, wakatazama sakafu. Nusu yao, Clyde amewahi kuwasaidia kuzika mtu.

Ili ombi lipite lilihitaji zaidi ya nusu ya hisa zote, yaani zaidi ya milioni moja na nusu. Ione alikusanya karatasi za kura kwenye kikapu, akajumlisha na mashine yake. Hesabu ilichukua dakika ishirini. Hakuna aliyezungumza nami.

Hisa za waliokubali: milioni moja, laki nne na elfu ishirini. Zilipungua elfu themanini na hisa moja.

Nimehesabu palepale, na najua Clyde naye alihesabu, kwa sababu aliinua kichwa akanitazama. Angekuwa hajaniuzia zile laki moja na elfu themanini, angeshinda. Zilikuwa kwenye kikapu, kwa mkono wangu, zimeandikwa *hapana*.

Nilidhani nitafurahi. Nilisimama nje nikingoja furaha, na mvua nyepesi inanyesha, wazee wananipita mmoja mmoja wakigusa kofia. Mmoja akasema, "Umemkomesha, Bi. Kangas." Nikasema asante.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili

Juzi Ione alipiga simu. Bodi imeamua kuzima pampu, na mwenye hisa mmoja anatakiwa awepo aweke sahihi. Wengine wamekataa kupanda mlimani. Nikasema nitakwenda.

Clyde alinichukua saa tatu asubuhi. Theluji imebaki kwenye vivuli tu, na mto umejaa rangi ya chai. Kwenye kibanda cha pampu juu ya shimo kuna joto na harufu ya mafuta, na mngurumo unaousikia miguuni kabla ya masikioni. Kuna kiti kimoja, na juu yake mto wa kukalia ulioshonwa viraka. Ukutani ameandika tarehe kwa penseli, safu kwa safu, kila siku aliyokuja. Sikutafuta ni siku zipi.

Alinionyesha swichi, mkono wa chuma mwekundu. Akasema, "Nilikuwa nataka kuomba uuvute wewe. Sasa unazo hisa nyingi kuliko yeyote, ukiniondoa mimi." Kisha akasema, "Hapana. Si haki," akauvuta mwenyewe.

Mngurumo ulishuka taratibu, kama mtu anayesahau wimbo. Tukasikia maji. Mbali sana chini, kama bafu linalojazwa katika nyumba ya jirani. Tulisimama tukisikiliza. Alikuwa analia bila kujificha, na mikono imening'inia. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Niliwaza kwamba Arvo angemgusa.

Nikaweka sahihi. Akaniambia anahamia Boise kwa binti yake mwezi ujao, binti amekubali. Nikasema vema. Akasema, "Nikurudishe nyumbani, shemeji."

"Nitatembea."

"Ni maili nne."

"Najua ni ngapi."

Nilishika njia ya matope. Sijafika kwenye kona ya kwanza nikasikia injini ikiwashwa nyuma yangu. Nikasogea pembeni anipite. Hakunipita. Alikuja nyuma yangu kwa mwendo wa miguu yangu, taa zimewashwa mchana kweupe, mpaka chini kwenye lami, mwendo wa saa nzima na zaidi. Hakupiga honi, na mimi sikugeuka.